Wembamba Hawakuzungumziwa

Ta'u, Manu'a
12 Machi 2017

Mdogo wangu Uelese,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na hiyo theluji yenu imeanza kukuonea huruma. Sisi huku wazima. Nakuomba usinipigie tena kwa simu ya jirani yangu Sose. Masikio yangu yamechoka, na yeye inabidi apige kelele kama anayenadi samaki, kiasi kwamba unachoniambia kinafika kwa mchungaji kabla hakijanifikia mimi. Niandikie. Macho bado ninayo.

Nianze na kubwa. Tangu baba mdogo afariki, jina la uchifu wa ukoo halina mtu na nguzo yetu kwenye nyumba ya mkutano haina wa kuiegemea. Wazee wamekutana. Wameniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye dada na bila neno langu hawawezi kumsimika mtu. Nikawaambia mtu yupo, yuko Alaska anapakia mizigo kwenye ndege, na mwezi wa Desemba atakuja. Wewe mwenyewe uliniahidi Krismasi iliyopita. Moeava, binamu yetu, alinuna mpaka mdomo ukafika kidevuni, lakini mbele ya neno langu angefanya nini? Sasa niambie tarehe, nianze kuwahesabia nguruwe siku zao.

La pili litakuchekesha. Unawakumbuka wale watafiti waliotutoa damu miaka ile? Wamerudi kutueleza walichokiona. Ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma na akina mama wa kwaya. Daktari mwenyewe ni kijana wetu, Msamoa wa Pago, anasema Kisamoa safi. Akatuambia kwamba wengi wetu tumerithi kitu kidogo kutoka kwa wazazi, wanakiita jeni, na chenyewe kinaufundisha mwili kuweka akiba. Mwenye nacho na asiye nacho wakila chungu kimoja, mwenye nacho ananenepa zaidi. Watu wakaanza kutazamana viunoni. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: hao hao wanaonenepeshwa na hiyo jeni, ugonjwa wa sukari huwapata mara chache kuliko wenzao.

Mzee Falaniko akasimama. "Daktari," akasema, "tutajie basi nani anacho, tujue wa kumcheka na wa kumwonea wivu." Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari akajibu kwamba hawataji mtu kwa jina, na kwamba nyama za kopo na soda nazo tusizisingizie jeni. Hapo kicheko kikapungua.

Kesho yake muuguzi alinitoboa kidole. Sukari yangu ni ya msichana, Uelese! Miaka yote watu wananitazama kama mtu ambaye jeneza lake limekwisha pimwa, kumbe mimi ndiye mzima. Nilicheka mpaka muuguzi akaniletea maji.

Jumapili tulikula majani ya magimbi kwa tui, nikakuwekea sahani yako kama kawaida. Niambie tarehe.

Dada yako,
Fuatino


Anchorage
9 Aprili 2017

Dada Fuatino,

Barua ilifika Ijumaa. Nimefurahi kuona mwandiko wako.

Huku theluji inayeyuka na barabara zote ni matope. Kazini ni vilevile, masanduku yanaingia na masanduku yanatoka. Ninakula vizuri. Wale wa kanisa letu la huku wananiletea chakula Jumapili, kwa hiyo usiniwazie.

Kuhusu Desemba, nimekusikia. Tutaona ratiba ya kazi inasemaje.

Ile habari ya jeni nimeisoma mara nyingi. Nina jambo la kukuuliza. Kuna Msamoa mwenzetu hapa kazini, daktari wake anamwuliza habari za ukoo wake, nani aliugua nini, na hana wa kumwuliza. Akaniuliza mimi tunafanyaje huko kwetu, nikaona hata za kwetu sizijui. Baba alikufa kwa nini hasa? Najua habari ya msumari. Namaanisha kabla ya msumari. Na mama? Na baba mdogo?

Na wewe, dada, samahani, miguu yako ikoje? Inavimba? Ukikanyaga kitu unakisikia? Ukipata kidonda kinachukua muda gani kupona? Na mwili wako umeongezeka kiasi gani tangu niondoke?

Nisamehe kwa maswali mengi. Mwenzangu anahangaika.

Ndugu yako,
Uelese


Ta'u
14 Mei 2017

Uelese,

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaifungua tena nikidhani nimekosea kusoma.

Tangu lini kaka akauliza miguu ya dada yake? Tumelelewa nyumba moja, mimi na wewe. Nikiingia ulikuwa ukitazama pembeni mpaka nijifunge shuka vizuri. Ukisikia wavulana wanataja mwili wa msichana na mimi nipo, ulikuwa ukiwafukuza kwa mawe. Sasa umekaa Alaska miaka kumi na tisa unaniandikia "mwili wako umeongezeka kiasi gani", kama muuza nguruwe? Agano la kaka na dada umelisahau kwenye ndege gani?

Usinizunguke na habari za mwenzako wa kazini. Mimi si mtoto. Umesoma kwamba wanene wamezungumziwa mkutanoni, ukamkumbuka dada yako, ukaona Desemba utasimikwa mbele ya ukoo mzima na mimi ndiye nitakayekuvika mkeka wa heshima kiunoni, na picha zitapelekwa kwa wageni wako wa huko. Kama unaona haya kusimama na mtu wa ukubwa wangu, sema. Nimekwisha kuonewa haya na watu wasio damu yangu, nikavumilia. Kwako wewe sijui nitavumilia vipi.

Kwa kuwa umeuliza habari za marehemu, hizo nitakujibu, kwa sababu hao hawana haya tena. Baba hakufa kwa msumari. Alikanyaga msumari, ndiyo, lakini alitembea nao siku nzima shambani bila kuusikia, na kidonda hakikufunga tena. Hospitalini Pago wakasema ni sukari. Hakuna aliyeamini. Wewe unamjua alivyokuwa, mwembamba kama mti wa kuchokonolea mashelisheli. Baba mwenyewe alimcheka daktari, akamwambia aende akampime mama. Mama alikuwa na umbo kama langu, na akaishi akamzika. Kwa hiyo nyumbani tukasema msumari, na tumeendelea kusema msumari. Mwambie mwenzako wa kazini hayo, kama yupo.

Huku mambo yanakwenda. Kwaya tunajifunza wimbo mpya wa Pentekoste, sauti ya pili inatushinda. Mke wa mchungaji alivaa kofia ya manyoya, ndege wa kijiji kizima wakanyamaza.

Fuatino


Anchorage
18 Juni 2017

Dada,

Nisamehe. Nimevunja agano, hilo ni kweli na sitalitafutia maneno. Lakini kwamba nakuonea haya, hapana. Sijawahi, hata siku moja.

Asante kwa habari ya baba.

Kuhusu Desemba, naona haitawezekana. Kazi imekuwa nyingi na ruhusa ni ngumu. Labda mwaka ujao, labda ule unaofuata. Wazee wanaweza kungoja? Kama hawawezi, nitaelewa.

Nina swali moja tu, na halihusu mwili wa mtu yeyote. Kwenye ule mkutano, daktari alisema nini kuhusu wembamba?

Uelese


Ta'u
23 Julai 2017

Mdogo wangu,

Barua yako ni fupi kuliko risiti ya duka. Nimeikalia wiki nzima nikitafuta kilichofichwa ndani yake.

Kazi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtoto wa Falaniko anafanya kazi ya mizigo kama yako, mji mwingine wa huko, na alikuja kumzika nyanya yake, akakaa mwezi. Mtu akitaka kuja huja.

Umeniuliza kuhusu wembamba. Wembamba hawakuzungumziwa. Hakuna aliyewaulizia na hakuna aliyewajibia. Sijui ni kwa nini hilo linakuuma.

Wazee wananisukuma. Moeava anapita hapa kila jioni na samaki, anakaa, anaguna, anasema nguzo isiyoegemewa huliwa na mchwa. Nawajibu wote kwamba kaka yangu anakuja. Nawajibu kwa sauti kubwa, ili na mimi nisikie.

Nikwambie ukweli, Uelese, nyumba hii imekuwa kubwa. Zamani mtu alikuwa hapati pa kuweka mguu usiku, sasa najikuta nasema na redio. Uliponiambia utakuja nilitoa mikeka yote nikaianika juani, nikaiona imejaa matundu ya wadudu, nikaanza kusuka upya. Mkono unauma lakini nasuka. Niandikie neno moja la kweli. Hata kama ni baya. Hili la labda mwaka ujao ndilo linaloniua.

Dada yako,
Fuatino


Anchorage
28 Septemba 2017

Dada Fuatino,

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikaichana. Hii nitaipeleka posta leo kabla sijairudia.

Mwenzangu wa kazini hayupo. Ni mimi.

Mwaka jana mwezi wa Desemba, siku chache baada ya kukuahidi kwamba nakuja, nilivua buti baada ya zamu nikaona soksi imelowa damu. Ndani ya buti mlikuwa na nati ya chuma. Nilikuwa nimeikanyaga tangu asubuhi, kutwa nzima, na sikuisikia. Hospitalini wakapima sukari, daktari akatoka nje kuita daktari mwingine. Wakaniambia nimekaa nayo miaka mingi. Mwezi wa Januari walinikata mguu wa kushoto, chini ya goti. Sipakii mizigo tena, dada. Tangu Januari sijafanya kazi.

Unajua kilichonifikisha hapo? Kila mwaka walikuwa wanakuja kazini kutupima sukari bure, na Wasamoa tulikuwa tukipanga mstari. Mimi nilikuwa nawapisha wanene. Nawaambia, "Tangulieni nyinyi wenye mali, mimi maskini nitapimwa mwisho." Tunacheka wote, halafu narudi kwenye masanduku. Muuguzi mwenyewe alikuwa akinitazama na kuniacha. Nilikuwa najua moyoni kwamba maradhi yale ni ya kwenu, ya wewe na mama. Nilikuwa nakuombea wewe kila usiku. Mimi sikujiombea.

Ndiyo maana nilikuuliza yale. Daktari alitaka kujua ukoo wetu, nami nilitaka kujua kama na wewe husikii unapokanyaga. Niliogopa. Ningekwambia, lakini kila nikianza naona unavyonitaja kwa wazee.

Halafu kuna kukaa. Nguzo ya baba inataka mtu wa kukunja miguu akae tangu kinywaji cha heshima kinapoandaliwa mpaka hotuba ya mwisho. Mimi mguu wa bandia haukunji hivyo. Nimejaribu hapa sakafuni, peke yangu, nikaanguka ubavu, nikakaa pale chini muda mrefu kwa sababu sikuwa na wa kuninyanyua. Nitanyooshaje mguu mbele ya ukoo mzima siku ya kusimikwa? Mguu wenyewe wa plastiki, na kiatu chake! Najua wazee hufunika miguu kwa mkeka, lakini hao ni wazee waliokwisha kukaa vizuri miaka yao yote. Mtu haanzi kazi akiwa amefunikwa.

Na watu wa kanisa hawaniletei chakula. Nimeacha kwenda, wasinione. Napika wali, nala dirishani.

Hilo ndilo neno la kweli uliloliomba. Waambie wazee wangoje au wasingoje, lakini usiseme kwamba nilikuonea haya. Nilijionea mimi.

Uelese


Ta'u
7 Oktoba 2017

Kwa Uelese,

Meli ilikuja jana, sanduku la posta likawa tupu. Tangu Juni sijapata neno lako.

Leo Jumamosi wazee wamekuja nyumbani kwangu, wote, wakakaa. Waliniuliza mara ya mwisho. Niliwaambia kwamba kaka yangu ana maisha yake, hahitaji jina la kisiwa chenye watu wachache na dada mmoja. Nimempa Moeava neno langu. Atasimikwa Desemba. Mkeka niliokuwa nakusukia atauvaa yeye, kwa sababu umekwisha na siwezi kuufumua.

Wakati wanaondoka Falaniko alinishika mkono. 

Sina zaidi. Nakutakia afya njema.

Fuatino


Ta'u
11 Oktoba 2017

Uelese, Uelese, mdogo wangu,

Barua yako imeletwa asubuhi hii. Sose ndiye aliyenisomea kwa sababu nilipofika kwenye buti macho yalikataa. Alipomaliza alitoka nje akaniacha. Ni mara ya kwanza namwona Sose akinyamaza.

Barua niliyokuandikia Jumamosi iko njiani na siwezi kuikamata. Itakapofika, usiifungue. Au ifungue, ujue kwamba jina limekwenda. Neno la dada likishatoka mbele ya wazee halirudi. Nimempa Moeava. Nimekuhukumu kwa kosa ambalo hukulifanya, na nimefanya hivyo siku nne tu kabla ya barua yako kufika. Roho inaniuma sana, na nakasirika pia, kwa sababu ungeniandikia Januari, ungekuta mtu wa kukupigania. Mtu haanzi kazi akiwa amefunikwa? Nani kakuambia? Mimi ndiye ningekufunika. Ningekaa mbele yako, nani angeona mguu nyuma yangu?

Cheka basi. Mimi nimeandika hilo nikalia.

Sasa nisikilize. Wewe umesema lako, nami nina langu.

Sikuwa kwenye ule mkutano wa jeni. Yote niliyokuandikia, Falaniko na watu kutazamana viunoni, alinisimulia Sose. Kwaya sijaimba tangu mwaka juzi. Kofia ya mke wa mchungaji sijaiona. Magoti yangu yamekwisha, Uelese. Ngazi za kanisa zilinishinda Jumapili moja, nikakwama katikati, watu wakaja kunisukuma, vijana wanne, wengine kwa mikono, mmoja kwa bega, na huku wanacheka kwa adabu. Niliposhuka nikasema sirudi. Tangu siku hiyo sijatoka kwenye uwanja wetu. Muuguzi alinijia hapahapa. Jumapili nakaa nyuma ya pazia, ukumbi wa kanisa ukianza kuimba naimba sauti ya pili, taratibu, ili nisisikike njiani. Wapita njia nawaambia nina mafua.

Kwa hiyo ulipouliza miguu yangu ulinigusa penyewe. Ningekuwa mzima wa miguu nisingekasirika vile. Mimi kukunja miguu nimesahau. Nakaa nimeinyoosha kama makasia, na mkeka juu, hata nikiwa peke yangu. Tumekaa hivyo wote wawili, mmoja huku na mwingine huko, kila mtu anamdanganya mwenzake kwamba ana watu.

Hiyo jeni, kama ndiyo niliyo nayo, basi imenipa damu safi na kuninyang'anya ngazi. Wewe imekuacha mwembamba, na kila mtu akaamini wembamba wako. Kama ingekuwa chakula ningekumegea nusu.

Niambie hali yako ya sasa. Usinifiche hata kidole.

Dada yako,
Fuatino


Anchorage
2 Novemba 2017

Dada,

Barua zako mbili zilifika siku moja. Nilifungua ya Jumamosi kwanza. Ni sawa, dada. Moeava ataegemea nguzo vizuri, yeye ana miguu na ana mdomo. Usijiumize kwa hilo. Lililoniuma ni zile ngazi. Wale vijana wanne ningewajua ningewaandikia kila mmoja barua yake.

Umesema nisikufiche. Mguu wa kulia nao una kidonda, kisigino. Wamehangaika nacho tangu Agosti na hakifungi. Tarehe sita Desemba watakata. Daktari anasema baada ya hapo nitakaa hospitalini wiki kadhaa, kisha watanitafutia mahali pa kulelewa pamoja na wazee wengine. Safari ya ndege amenikataza kabisa, kwa hiyo hata kuja kama mgeni siwezi.

Nilimwambia daktari habari ya ule utafiti. Anaujua. Nikamwuliza, wembamba je? Akasema utafiti ulionyesha kwamba mwenye jeni ile ana kinga kidogo, lakini haukusema kwamba asiye nayo yuko salama, na haukusema kwamba mwembamba asipimwe. Hayo tuliyaongeza wenyewe. Nikamwambia na baba yangu naye aliyaongeza.

Najua utakachotaka kufanya. Usije. Huku kuna giza saa tisa mchana na baridi inayokata masikio. Ndege ni kutoka kwenu mpaka Pago, Pago mpaka Honolulu, na bado. Viti ni vyembamba, watu wana macho. Sitaki wakutazame. Mimi nitakuwa mzima. Niandikie tu, mara kwa mara, na unidanganye kidogo kuhusu kwaya.

Kusema kweli naogopa, dada. Nikiamka baada ya kukatwa, chumba kitakuwa na mimi na mashine.

Uelese


Ta'u
16 Novemba 2017

Mdogo wangu Uelese,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Umeniambia nisije, na mimi ni mkubwa kwako, kwa hiyo hilo tumelimaliza.

Jana nilitoka. Nilimwita Sose aje na mumewe, nikawaambia sitaki kusukumwa, nataka tu mtu atembee mbele yangu polepole. Tulikwenda mpaka kiwanja cha ndege kuulizia nafasi. Ukumbi wote ulikuwa umejaa watu wa kijiji wanaosubiri mizigo yao, unawajua. Yule kijana wa tiketi akasema, kwa heshima zote, ndege ni ndogo, lazima kila abiria apande kwenye mizani. Watu wakaanza kutazama dari. Nikapanda. Kijana akasoma namba kimyakimya, nikamwambia, "Soma kwa sauti, mwanangu, mimi sisikii vizuri." Akasoma. Falaniko akapiga makofi, mzee mpumbavu yule, halafu wote wakapiga. Mimi nikashuka kwenye mizani, nikalipa. Nimepata kiti, viwili kwa kweli, na nafasi nyingine ya nyuma yangu wameniambia haitauzwa siku hiyo.

Sose atanisindikiza mpaka Honolulu. Kutoka hapo nitakuja peke yangu. Nitafika Anchorage tarehe nne, siku mbili kabla hujakatwa, na watakapokuamsha nitakuwa nimekaa hapo, nimenyoosha miguu yangu, na muuguzi akitaka kupita azunguke. Wasimamizi wa hapo mahali pa kulelewa waambie wakutafutie chumba cha watu wawili. Wakikataa nitaongea nao. Kusimikwa kwa Moeava sitakuwepo, nimekwisha kumwambia. Alinuna tena, mdomo ule ule.

Nina shida moja tu. Huku hakuna makoti, wala sijawahi kuvaa koti maishani, na Sose anasema bila koti nitaganda kabla sijatoka mlangoni. Itabidi uninunulie huko, kabla sijafika.

Kwa hiyo nimemwambia Sose anipime. Nyuma ya karatasi hii utakuta vipimo vyangu vyote, kifua, kiuno, nyonga, na unene wa mkono kwa juu. Sijapunguza hata kimoja. Hakuna mwanamume anayevijua tangu mume wangu afe. Peleka dukani, na usinunue dogo kwa kunionea huruma.

Mwenye duka akistaajabu, akakuuliza koti hili ni la nani, mwambie ni la dada yako.

Fuatino